Roma kwa Treni

Alhamisi, 10 Julai 2025

Sterling, Virginia. Joto la kukaanga mtu.

Cosmas amerudi kutoka Roma. Yeye, mke na watoto, hija ya Mwaka wa Jubilei, na picha chungu nzima kwenye kundi letu la watu wa Bukoba tulio huku. Zingebaki huku nisingejali. Lakini kamtumia mama yake, na mama yake anasali jumuiya moja na mama yangu. Jana mama Cosmas kamuuliza Mama mbele za watu: na huyu wako, Anatoli, yeye hutembea wapi?

Anatoli anatembea uwanja wa ndege wa Dulles, kutwa nzima, akisukuma wazee kwenye viti vya magurudumu hadi mlango wa ndege. Hapo ndipo mwisho wangu. Makaratasi yangu yako uhamiaji mwaka wa tisa huu. Nikitoka Marekani sirudi. Mama analijua hilo. Ndiyo maana Baba alipofariki nilimzika kwa simu, na mtandao ukakatika kabla ya udongo.

Lakini leo sauti ya Mama ilikuwa ndogo mno. Nikasikia mdomo wangu ukimwambia kwamba Jumamosi na sisi tunaamkia Roma. Alipiga kigelegele hadi simu ikakoroma.

Kazini nimepiga picha ubao wa safari, neno Roma katikati. Imeshatumwa.

Jumamosi, 12 Julai

Siku ya kwanza Roma! Tumefika kwa treni.

Washington kuna basilika kubwa, ina kuba, ina mnara, ina nguzo za mawe. Anayeijua Roma kwa kalenda ya ukutani hawezi kutofautisha. Mke wangu Adela nilimwambia tunakwenda kusali. Violet, binti yetu wa miaka kumi na minne, nilimwahidi aiskrimu. Mpango wenyewe niliwafungulia ndani ya treni, mahali ambapo mtu hawezi kuondoka kwa hasira. Adela aliondoka. Tulimngoja kituo cha Brookland, karibu na basilika, akaja na treni iliyofuata, hasemi.

Picha ya kwanza: basi la watalii nyuma yangu, limechorwa bendera ya Marekani ubavu mzima. Ya pili: basi nimeliziba kwa mwavuli, akapita bwana mwenye fulana iliyoandikwa Washington. Ya tatu nzuri sana, isipokuwa Adela ana uso wa mfiwa. Nikamwomba atabasamu. Akasema watu wakiwa Roma ndivyo wanavyokaa. Violet akauliza kwa nini tunamdanganya Bibi. Nikamweleza kwamba hatumdanganyi, tunamfurahisha. Akasema, "Baba, that's literally the same thing." Eti ni kitu kilekile. Watoto wa huku!

Saa nane mchana Mama akapiga. Kwa video! Kwao saa tatu usiku. Akashangaa, kwani jua la Roma halizami? Nikamfundisha kwamba Ulaya wakati wa kiangazi jua huchelewa. Akasema Mungu anawapendelea wale. Akauliza kama tumepita Mlango Mtakatifu. Nikasema tumepita. Mara mbili. Hiyo mara ya pili sijui niliitoa wapi.

Ushindi mtupu.

Jumapili, 13 Julai

Mama kazunguka na picha zetu baada ya misa. Mama Cosmas alivaa miwani, akaziangalia zote, hakuona kasoro. Nilicheka peke yangu jikoni.

Kisha, simu hiyo hiyo, Mama akauliza kutoka Roma hadi kwetu ni saa ngapi kwa ndege. Mimi, mjuzi wa viwanja, nikajibu kwa majivuno: si mbali, unalala, unaamka uko Afrika. Akaniomba nirudie. Nikadhani mtandao.

Akasema, kumbe makaratasi yalitoka, mwanangu.

Akasema hanilaumu. Ila miaka yote hii amekuwa akiwaambia watu kwamba serikali ya huko ndiyo imenishikilia. Leo mama Cosmas kamuuliza, kwa upole kabisa, sasa ni nani aliyemshikilia. Halafu Mama mwenyewe akataka kujua yalitoka lini. Kabla ya msiba wa Baba, au baada?

Nikasema mtandao mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri kuliko siku zote.

Nimejifungia bafuni, nimefungua bomba, nikalia. Violet akagonga, akasema ninapoteza maji.

Jumatano, 16 Julai

Mama hapokei simu. Dada yangu Benadetha anasema amelala tangu juzi, anakunywa uji kidogo tu, na jana hakwenda jumuiya. Hajawahi kukosa tangu msiba.

Adela ametoa neno lake la kwanza tangu tutoke basilika. Nimpigie, nimwambie ukweli. Anasema Mama ataumia kidogo kujua mwanawe ni mwongo, lakini kuamini kwamba mwanawe alimpita njiani kutamuua. Violet amejitolea kusema yeye. Nimekataa. Haya ni yangu. Jumamosi nitasema yote! Nimeapa, mkono juu ya Biblia ya Adela.

Cosmas anauliza kundini tulifikia hoteli gani. Nimejibu: ya kawaida tu.

Jumamosi, 19 Julai

Nimepiga. Benadetha kamwekea Mama simu sikioni. Nilimsikia anavyopumua. Adela kulia, Violet kushoto, kama polisi.

Nilianza vizuri. Nikasema, Mama, kuna jambo la Roma nataka ulijue. Akajibu kwa sauti ya mtu anayejiandaa kupigwa: sema baba, sema tu.

Ningesema. Mungu anajua ningesema. Lakini ile sauti! Mdomo ukafunguka wenyewe, ukaeleza kwamba makaratasi yametoka mwezi huu huu, Roma tulikwenda kuyajaribu tu kama yanafanya kazi, na yanafanya, kwa hiyo Krismasi tunakuja nyumbani, wote watatu, na tutaanzia kaburini kwa Baba.

Mama akaketi. Benadetha anasema ameketi bila kushikwa! Akaomba ndizi. Akapiga kigelegele, chembamba, lakini kigelegele. Kabla hatujaagana alikuwa ameshatuma mtu akamwite fundi, Jumatatu aanze kujenga choo cha ndani kwa ajili ya Adela.

Adela ameingia chumbani na kufunga mlango. Violet hakwenda popote. Ameniangalia tu, na hilo limeniuma zaidi.

Lakini Mama anakula! Mimi ndiye niliyemwinua. Na Desemba iko mbali. Nimeshaanza kutafuta ugonjwa wa kutuzuia: usiwe mkubwa ukamtia hofu, usiwe mdogo akasema tuje hivyo hivyo. Nafikiri mguu. Wa Adela. Nimemweleza kupitia tundu la ufunguo. Hajajibu, nadhani bado anafikiria.