Mstari Wangu Kwenye Theluji ya Grauwand

Jumapili, 2 Februari

Sikukuu ya mishumaa. Baada ya misa meya wetu, Hieronymus Plank, katangaza jambo kubwa mlangoni pa kanisa. Kampuni ya lifti inaleta mkaguzi Alhamisi. Atasimama na darubini chini ya mlima Grauwand na kuhesabu watu wanaoupanda kwa nguvu za miguu yao, skii, zile mbao za kutelezea thelujini, zikiwa zimebandikwa ngozi chini ili zisirudi nyuma. Wakiwa chini ya ishirini, itasemwa mlima hautumiki, na lifti ya viti vya kuning'inia kwenye waya itajengwa. Wakizidi, mlima unabaki ulivyo na kampuni inahamia bonde jingine.

Kituo cha lifti kitakuwa hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu! Nimezipima. Mara nne.

Nyumba yangu ya wageni ina vitanda kumi na kimoja. Jana kalala mgeni mmoja, muuza mifereji ya paa, naye alikuwa amepotea njia. Mke wangu Rosina anasema tukienda hivi tutafunga kabla ya Pasaka, naye atakwenda kufanya kazi kwa dada yake Innsbruck. Babu aliiendesha nyumba hii, na baba baada yake. Mimi sifungi!

Kikwazo ni kimoja: Notburga Tschugg. Miaka sabini na miwili. Ana kibanda cha supu upande wa jua. Theluji ikianguka, saa kumi na moja alfajiri yuko nje anaivunja kwa skii zake, na wapandaji wote wanafuata mstari wake. Nauona dirishani kwangu. Kona zote sawasawa, kana kwamba kashona kwa cherehani. Simpendi, lakini ukweli usemwe: bonde zima halina mwenye mstari kama ule. Nikiutazama nasahau kunywa kahawa.

Miaka tisa hajaniita kwa jina langu, tangu trekta langu lifukie mizinga yake ya nyuki kwa theluji. "Bwana Obwexer," ndiyo salamu yake, na macho kayaelekeza kwenye viatu vyangu. Tulisoma dawati moja na mdogo wake! Inauma. Lakini biashara kwanza.

Jumatatu, 3 Februari

Mpango wa kwanza. Nimechora kibao na kukisimamisha pale wanapoegesha magari: HATARI! FAHALI MKALI MALISHONI! Herufi nyekundu. Fahali nimemchora mwenyewe, pembe zimenitoka vizuri mno.

Saa nne nimekwenda kutazama. Watu walikuwa wamepanga foleni kupiga picha na kibao. Sikukumbuka kwamba malisho yako chini ya theluji ya mita moja na nusu, na kwamba fahali wote wa bonde hili wamo zizini tangu Oktoba. Notburga kampa mtu wa posta salamu aniletee: anauliza fahali wa Bwana Obwexer huvaa skii za urefu gani.

Rosina kacheka mpaka kakaa sakafuni. Kwa kweli swali lilikuwa zuri. Ningependa kulibuni mimi.

Jumanne, 4 Februari

Mpango wa pili. Nimeegesha trekta kuziba maegesho yote, nikasema limekufa injini. Wapandaji wamekuja kwa basi. Dereva, mtu mwenye roho nzuri, kashuka na kunitengenezea injini ambayo haikuwa mbovu. Sasa ni mbovu.

Jioni theluji imeanza kuanguka. Kubwa, kavu, ya kimya. Nimesimama uani nikiipokea kwenye mkono wa koti. Hakuna kitu kizuri duniani kama theluji ya Februari, hata kwa mtu anayetaka kuijengea nguzo za chuma.

Na pale uani wazo likanijia! Wapanda theluji ni kondoo. Hawatazami mlima, wanatazama mstari. Atakayeuchora wa kwanza ndiye mchungaji.

Jumatano, 5 Februari

Theluji bado. Utabiri: kesho ukungu alfajiri, kisha jua. Mpango umekamilika. Nitaamka saa tisa, kabla ya Notburga. Nitaanza mstari pale pale anapoanzia yeye. Kwenye ghala la majani makavu nitakata kushoto, niingie msituni, nizunguke nyuma ya misonobari na kutokea mlango wa nyuma wa jiko langu. Watanifuata wote. Mkaguzi ataona mlima mtupu. Wao wataona supu! Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Na Notburga hatachora mstari wa pili. Huku kwetu mtu akishaivunja theluji, huchori mwingine kando yake. Ni sawa na kumtemea mate. Atanifuata huyo, apende asipende.

Nimemwambia Rosina apike supu ya madonge ya mkate ya watu ishirini. Kaniuliza ishirini hao watatoka wapi. Nimesema penye nia pana njia. Kasema mchimba kisima huingia mwenyewe, akachukua sufuria kubwa.

Nimefanya mazoezi ukumbini. Ile kona ya ghafla, ya kurusha skii moja nyuma na kuleta ya pili, imenishinda. Goti la kulia halitaki. Tumbo nalo halitaki. Chombo cha kuwekea miavuli kimevunjika. Rosina kasema kutoka jikoni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Alhamisi, 6 Februari

Siku gani hii!

Nimeondoka saa tisa na nusu na taa kichwani. Theluji mpaka magotini. Mstari wangu wa kwanza baada ya miaka kumi na miwili! Kwa kuwa kona za ghafla siziwezi, kila kona nimeizungusha pole pole, pana, kama mtu anayegeuza mkokoteni. Na kila mahali palipokuwa pakali nimepakwepa, maana pumzi sina. Naenda mbele hatua mia, nasimama, nasifu mandhari. Mandhari haikuwepo. Ukungu mtupu.

Ghala la majani sikuliona. Nimelitafuta kushoto, halipo. Nikasema liko mbele kidogo. Mbele kidogo palikuwa na mwinuko. Nikapanda. Kurudi sikuweza, maana nyuma chini nilisikia sauti. Walikuwa wananifuata tayari! Mtu anayewaongoza kondoo harudi nyuma akawaambia kapotea. Nikaendelea.

Saa mbili ukungu umekatika ghafla na jua likanipiga usoni. Sikuwa msituni. Nilikuwa kwenye bega la Grauwand, peupe kabisa, mbele ya darubini ya mkaguzi! Nikageuka. Chini yangu mstari wangu ulikuwa umelala mlima mzima, mpana, wa upole, kila kona inapumua. Na juu yake watu. Mstari mzima watu! Vizee, watoto, mama mmoja na mbwa. Innsbruck wote wako likizo.

Nilipaswa kulia kwa hasara. Sikulia kwa hasara. Nilisimama pale nikafikiri: nani kauchora mstari mzuri namna hii? Kisha nikakumbuka.

Wa kwanza kufika kwenye msalaba wa kileleni ni mimi. Wa pili kafika Notburga. Kavua glovu. Sasa, kwetu kuna desturi ambayo hata askofu huifuata: ukishapita miti ya mwisho, hakuna Bwana wala Bibi. Juu huko mnapeana mkono na kuitana majina. Nikaona anavyohangaika. Miaka tisa si mchezo. Kisha kanipa mkono.

"Vinzenz," kasema. "Mlima huu naupanda mwaka wa hamsini na sita. Mimi nimewachorea wenye mapafu. Wewe umewachorea watu wote. Jirani yetu Kreszenz yuko nyuma yangu, na nyonga yake ya bandia! Na hakuna hatua moja ambapo theluji ingeweza kuporomoka. Umefikiria mpaka hilo!"

Sikuwa nimefikiria lolote. Nimewaambia machozi ni upepo. Upepo haukuwepo.

Mwisho kabisa kafika mkaguzi mwenyewe, Daktari Hämmerle, na darubini shingoni. Kasema huku juu tumwite Dietlinde. Kahesabu sitini na watatu, akashindwa kuvumilia kusimama chini, akaazima skii na kufuata. Yeye ni wa sitini na nne. Kaandika hivyo kwenye daftari la wageni la kileleni na kutia sahihi.

Lifti imekufa. Nimeiua kwa miguu yangu.

Wote wameteremka kwa upande wenye theluji nzuri, yaani upande wa jiko langu. Rosina alikuwa amepika supu ya watu sabini. Anasema alitazama anga, kisha akanitazama mimi. Mwanamke yule ana akili kuliko baraza zima la kijiji.

Ijumaa, 7 Februari

Meya kapiga simu. Kampuni imejitoa. Grauwand inabaki ya wapandaji, na mstari wangu utaingia kwenye ramani: Njia ya Vinzenz. Vitanda vyote kumi na kimoja vimeshikwa mpaka Machi. Rosina kamwandikia dada yake asimtarajie.

Mchana Notburga kaingia. Mara ya kwanza tangu nyuki. Hapa ni bondeni, desturi ya kileleni haifiki. Nimesimama na bakuli mkononi nikingoja. Kakaa, nikamwekea supu, kaonja, kanitazama usoni, si viatuni.

"Bwana Obwexer," kasema.

Nikageuka nirudi jikoni.

"Niletee chumvi, Vinzenz."

Nimeleta chumvi. Nimeleta na pilipili, na mkate, na kila kitu kilichokuwa karibu. Furaha niliyonayo leo siijui nitaiweka wapi.

Jumapili, 9 Februari

Jua. Kutwa nzima nimekaa dirishani nikiutazama mstari wangu. Watu wanapanda, wanapungia mkono, wanateremka, wanakula. Nyumba inanuka soksi mbichi na vitunguu. Babu angelia.

Uzuri wa ile njia! Mwinuko wake haubadiliki toka chini mpaka juu. Hakuna jabali, hakuna bonde la kuvuka, hakuna mahali pa theluji kuporomoka. Nimeutazama hivi, nimeutazama vile. Nikasimama ghafla.

Lo! Ni mwinuko wa nguzo za lifti! Wahandisi wa kampuni wangetafuta miaka mitatu wasiupate!

Nimemwandikia Daktari Hämmerle kurasa nne. Nimemweleza kwamba wasivunjike moyo. Nimechora nguzo ishirini na mbili, moja kila kona, na kituo cha chini hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu. Jina limeshapatikana: Lifti ya Vinzenz.

Nilikuwa nalamba bahasha Notburga akabisha hodi na mtungi wa asali. Asali ya mizinga ile ile! Nikaisukuma barua chini ya kikapu cha mkate, pembe ikabaki nje. Kauliza ni barua gani. Nikasema ni ya kumshukuru Daktari kwa kuja. Kasema huo ndio uungwana, na kwamba kesho asubuhi anapita posta, ataipeleka mwenyewe.

Nimempa. Kaitia kifuani na kuifungia vifungo vya koti, isilowe.

Mwanamke mwema yule! Mwaminifu, huamka mapema, anajulikana na kila mpandaji. Lifti ikiisha kujengwa, nitamwombea kazi ya kukata tiketi.