Mila ya Kwetu ya Nepi

Jumatatu, 9 Januari

Mjukuu amefika nyumbani. Msichana! Anaitwa Tinotenda, yaani tunashukuru, jina alilotuma baba yake kwa simu kutoka Hwange kwenye machimbo. Ana masikio ya marehemu mume wangu, lakini atakua. Binti yangu Shuvai amejifungua kwa upasuaji, haruhusiwi kuinua kitu kizito kuliko mtoto. Amelala. Mimi silali. Namtazama mtoto tu na kushukuru.

Furaha ilidumu mpaka alasiri. Akaja wifi Erina, dada wa marehemu, ametoka Dangamvura na mwavuli wake na pua yake. Alimsifu mtoto. Akala. Kisha akatoka uani, akatazama nepi kwenye kamba, akauliza nani atazipiga pasi. Hapa Mutare hata mtoto wa chekechea anajua: msimu wa mvua nzi hutaga kwenye nguo mbichi, na nguo isiyopitiwa na pasi ya moto inakutia funza chini ya ngozi. Nikasema nitapiga mimi, kwani kuna nani mwingine. Akaitazama mikono yangu. Nikaificha ndani ya aproni. Nikamwambia imevimba kwa furaha.

Wifi si mtu wa kuzunguka mbuyu. Alisema mila ni mila, mzazi wa mtoto wa kwanza hurudi kwao akalelewe na mama yake, lakini mila haikusema mtoto alelewe na funza. Atarudi kukagua Jumapili ya wiki ijayo. Akikuta funza mmoja tu ndani ya nyumba hii, mama na mtoto wanahamia kwake, kwenye umeme wa jua na msichana wa kazi. Mmoja tu!

Mimi nilikuwa matroni wa bweni la wasichana mpaka nilipostaafu. Shuka zangu zilikuwa zinasimama zenyewe. Mtoto huyu nimemngoja tangu siku Shuvai alipoolewa. Haendi popote.

Jumanne, 10 Januari

Nimekwenda zahanati kwa siri. Shuvai nilimwambia nafuata nyanya. Nesi alivikunja vidole vyangu kimoja kimoja, navyo vikakataa kimoja kimoja. Akasema ni baridi yabisi, kana kwamba ni habari mpya. Nikamwambia nina rafiki yangu anayesumbuliwa na pasi. Akasema huyo rafiki apige pasi akiwa amekaa. Kwanza aloweke mikono kwenye maji ya uvuguvugu. Mpini aufunge kitambaa kinene ili asilazimike kukaza vidole. Apige chache, apumzike. Na aombe msaada.

Ushauri mzuri sana, isipokuwa huo wa mwisho, ambao ni tusi.

Mengine yote nimefuata. Nimeloweka. Nimekaa. Umeme wetu hukatwa siku nyingi, na leo hakuna, kwa hiyo nimetoa pasi ya mkaa aliyoniachia mama mkwe, nzito kama mama mkwe mwenyewe. Mpini nimeuvisha soksi mbili za marehemu. Nepi ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu, cheche ikaruka na soksi zikashika moto. Shuvai akauliza kutoka chumbani ni harufu gani hiyo. Nikasema namkumbuka baba yake. Haukuwa uongo, zilinuka vilevile alipokuwa hai.

Nepi tatu. Kwenye kamba kuna rundo zima, na mtoto hapumziki.

Jumatano, 11 Januari

Nimepata! Wasichana wa bweni walikuwa wakitandika sketi zao chini ya godoro Jumamosi, Jumapili zimenyooka wanakwenda kanisani. Niliwaadhibu wote. Leo naona walinizidi akili. Popote walipo, Mungu awabariki.

Mimi nimeboresha. Si chini ya godoro, ni chini ya shuka, ili zipate uzito na joto la mwili pia. Uzito ninao, na kwa mara ya kwanza una faida. Nepi zote za leo zimetoka kwenye kamba zingali na unyevu wa manyunyu, nimezipanga moja moja, na sasa nazilalia. Nzi gani atahimili haya.

Alhamisi, 12 Januari

Zimenyooka kama karatasi. Nikampelekea Shuvai kwa maringo. Akanusa. Akasema zinanuka kafuri. Ni ile dawa yangu ya kuchua, jana nilijipaka kuanzia shingoni mpaka visigino. Zote zimerudi kwenye beseni.

Nililia kidogo jikoni nikasingizia vitunguu. Shuvai akasema, "Mama, huo ni uji."

Akauliza kama mikono inauma. Nikamwambia hata kidogo. Nilikuwa nimeishika pini ya nepi kwa muda, haitaki kufunga. Akaichukua taratibu, akaifunga mwenyewe, hakusema kitu. Ningependa angesema kitu.

Jumamosi, 14 Januari

Nyonga inawasha. Mbu wa mwaka huu hawana adabu.

Kesho baada ya ibada kina mama wa kanisa wanakuja kutoa hongera. Wote wana mikono. Nimewaza sana juu ya mikono hiyo. Kuomba siwezi. Mwenyekiti wao, Mama Gwatidzo, nilimfundisha mimi kukunja shuka akiwa na miaka kumi na tatu. Nimwambie nini leo, kwamba matroni ameshindwa na nepi?

Lakini mila haiombwi. Mila inatangazwa, na watu wanaitii. Nimetunga moja. Kwetu Chimanimani, upande wa mama yangu, mgeni habebi mtoto mchanga mpaka apige pasi nepi moja. Ni baraka kwa mtoto. Ni mila ya kale sana. Nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo. Nikifika kwenye "kale sana" nafumba macho.

Jumapili, 15 Januari

Wamejaa sebule nzima kwa blauzi zao nyekundu. Wameleta sabuni, sukari, na kuku mmoja aliye hai. Waliingia wakipiga makofi ya heshima, viganja vimekunjwa, sauti nzito na nzuri. Nami nikapiga. Yangu hayakutoa sauti. Hakuna aliyegundua.

Nikawaeleza mila. Mama Gwatidzo alitazama dari kwa muda mrefu, mabega yakimtikisika, nadhani kwa uchaji. Mmoja alitoka nje ghafla na leso mdomoni. Kikohozi, hali ya hewa hii. Kisha Mama Gwatidzo akasema mila nzuri namna hiyo haifai kucheleweshwa, pasi iko wapi.

Wamezimaliza zote, pamoja na zile zilizofuliwa upya. Mama Gwatidzo alitandika karatasi ya foili chini ya kitambaa, joto linarudi juu, unapiga upande mmoja unapata pande mbili. Nikasema naam, hata foili imo kwenye mila. Akasema alihisi hivyo.

Ee Mungu, asante kwa watu wepesi wa kuamini. Asante na kwa kuku.

Jumanne, 17 Januari

Mila imeenea mtaa wetu wote wa Sakubva. Wanakuja asubuhi, wanakuja jioni. Mwinjilisti wetu mzee Muchadeyi alifika kwa baiskeli, akavua koti, akapiga nepi moja kwa juhudi kubwa, ikatoka na mikunjo zaidi ya ilivyoingia. Nepi mpya zilipokwisha wakarudia za jana. Jirani aliuliza kama mila inaruhusu na mashati. Nikafikiri kidogo, nikasema upande wa baba yangu inaruhusu.

Ningekuwa na furaha tupu. Lakini mbu wale si mbu. Nimejitazama kwa kioo cha mkononi. Kwenye nyonga ya kushoto kuna jipu, na jipu lina tundu, na tundu linapumua. Nepi zile za usiku ule. Mayai ya nzi nimeyaatamia mwenyewe kama kuku!

Nikamkimbilia mtoto. Nilimvua nguo zote nikamkagua kuanzia utosini, kila mkunjo, mpaka Shuvai akaogopa. Hana hata kipele. Zile nepi hazikumgusa, zilirudi majini kwa ajili ya harufu. Nilikaa sakafuni nikalia, safari hii sikusingizia chochote. Asante, Mungu, kwa dawa inayonuka vibaya. Sitaibadilisha maisha yangu yote.

Hata hivyo funza yumo ndani ya nyumba. Mmoja tu, na wifi alisema mmoja tu.

Alhamisi, 19 Januari

Funza hutolewa hivi: unampaka mafuta ya mgando, anakosa hewa, anachungulia, unambana kwa vidole gumba viwili. Vidole gumba vyangu havibani hata mkate. Nimejaribu kwa kibanio cha nguo. Sitaki kuandika yaliyotokea, ila kilikuwa bado kinaning'inia, sketi imepanda juu, niko mbele ya kioo, mlango ukafunguka. Wifi Erina! Ameleta wali wa siagi ya karanga kwa mzazi, na siku ya kukagua bado.

Hakucheka. Hilo ndilo lililonitisha.

"Geuka, wifi," akasema.

Aliosha mikono, akabana. Funza akatoka, mnene, mweupe. Akamweka kwenye kifuniko cha kopo la mafuta, tukamtazama sote wawili. Nikangoja hukumu. Haikuja. Basi nikaitoa mwenyewe, nikasema nitamwambia Shuvai afungashe.

Wifi akasema yeye alikuja kukagua mtoto, bibi hakuwamo kwenye makubaliano. Akamtupa funza sakafuni, akamkanyaga, akasema hamkumbuki.

Kisha, huku ananifuta kwa pamba, akaniambia yote. Makofi yangu hayajasikika kanisani tangu Pasaka. Wote wanajua. Kina mama walitaka kuja kunisaidia tangu siku mtoto alipozaliwa, ila hawakujua wamwanzeje matroni. Nilipotoa ile mila, walicheka njiani mpaka wakakaa chini, halafu wakapanga zamu. Zamu! Mwinjilisti aliomba mwenyewe aingizwe.

Akaniuliza kwa nini sikusema tu. "Nisaidie. Neno moja hilo, wifi. Lina uzito gani?"

Nikamwambia ni zito kuliko pasi ya mama yake. Hapo ndipo alipocheka. Kisha akavuta kiti, akatandika foili, akauliza kama kuna za leo. Akazipiga zote. Nilimshika mkono kwa hii mikono yangu nikamwambia asante, na nilimaanisha. Miaka yote hii nimemwita mwanamke huyu pua.

Kuanzia leo mimi ni mtu mpya. Nitaomba. Watu wazima huomba.

Jumamosi, 21 Januari

Nimefanya mazoezi tangu alfajiri mbele ya kioo kilekile. Wifi, nisaidie. Nilimwambia Tinotenda, akapiga chafya. Nilimwambia kuku, ambaye Shuvai amekataa tumchinje. Kwa kuku nilisema vizuri kabisa, bila kukwama.

Saa nne wifi akabisha hodi. Nikafungua mlango. Nikafungua mdomo. Akaniwahi.

"Haya. Leo kwenu kuna mila gani?"

Alikuwa na pasi yake ya umeme kwapani, ile ndogo, nyepesi, mpini ameshaufunga flana. Ameniletea iwe yangu, ya siku ambazo umeme upo, kama leo. Alisema eti imemchosha. Nilimtazama. Alinitazama. Neno lilikuwa hapa mlangoni mwa meno, Mungu ni shahidi, na mdomo wangu ukasema kwetu Chimanimani mtoto akifikisha wiki ya pili ni siku ya mablanketi.

Wifi akasema watu wa Chimanimani wana kazi nyingi sana. Akavua viatu, akaanza. Shuvai alikuwa mkekani, akajifunika uso kwa nepi, mabega yakimtikisika. Uchaji umemwingia na yeye. Mtoto alilala mapajani pangu, kidole changu kimoja kimefungwa ndani ya ngumi yake. Hicho peke yake hakikuuma leo. Nilikaa pale bila kutaka kitu kingine duniani.

Mtoto anabaki. Wifi amesema mwenyewe, akiwa kwenye blanketi la pili, hata hakuinua macho. Kesho atakuja kukagua kama alivyosema, kwa sababu neno ni neno, lakini atakuja na keki.

Nashukuru kwa pasi. Nashukuru kwa foili, kwa kafuri, kwa Mama Gwatidzo na zamu zake, kwa pua ya wifi yangu iliyonusa shida yangu kabla sijaisema. Nimejifunza. Nitamwambia lile neno moja bila mila yoyote, uso kwa uso, naapa.

Ila si kesho. Kesho ni mapazia, na hiyo ni mila ya kale sana.