Flashi Iliyopigwa Pasi na Kamati Kuu

Haki ya Mungu, enyi mliokaa benchi hili, ni kweli tupu. Anayebisha akaiulize idara yenyewe.

Idara ilitangaza, kwa barua yenye mihuri minne, kuundwa kwa Kamati Kuu ya Uimara wa Flashi katika Matumizi ya Kila Siku. Matumizi hayo yalifafanuliwa: kuanguka, kukaliwa, na kufuliwa ndani ya suruali. Kufuliwa kulipewa kamati ndogo, yenye sabuni yake.

Flashi ya majaribio ikakosekana. Ununuzi ulihitaji cheti cha uimara, na cheti kilihitaji majaribio. Ndipo Mwenyekiti akateremka masjala.

Karani wa masjala, mama wa watu, alikuwa na flashi moja, ameivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Humo mlikuwa na kumbukumbu za utumishi wake, miaka thelathini na moja. Karatasi zenyewe zililiwa na mchwa. Ijumaa alitakiwa azikabidhi, astaafu. Bila hizo, kikanuni, hajawahi kuajiriwa.

"Tunaiazima, mama."

"Ngoja ninakili kwanza, baba."

"Ukinakili haitakuwa na cha kupoteza. Matokeo yatapotoka."

Mama akaivua kamba shingoni, akamkabidhi.

Jumatatu iliangushwa kutoka ghorofa ya tatu. Jumanne ilikaliwa na mjumbe mnene kuliko wote, kikao kizima. Jumatano ilifuliwa, ikaanikwa. Mama alipita chini ya kamba ya nguo mara sita, akijifanya anatafuta faili.

"Inaendeleaje?" alimuuliza katibu wa kamati.

"Inakauka. Kesho inapigwa pasi."

"Pasi ya nini tena?"

"Suruali hupigwa pasi, mama. Tusiruke hatua."

Ijumaa, mbele ya wakubwa, mama aliichomeka mwenyewe kwenye kompyuta. Taa ikawaka. Miaka yote ikafunguka, hadi likizo za uzazi.

Ikaja zamu ya Mwenyekiti kusoma ripoti. Yake ilikuwa kwenye flashi aliyotoka nayo nyumbani, imelala ndani ya kasha la mahameli. Aliichomeka juu chini, ikagoma. Akaisukuma kwa mamlaka aliyokabidhiwa. Ikakatika.

Kamati isiyo na ripoti ni mkusanyiko usio na kibali. Mwenyekiti akaandikiwa barua ya kujieleza.

"Alijielezaje?" aliuliza bibi mmoja pembeni ya benchi.

"Hilo mimi nitalijuaje?"

"Si maelezo hayo uliyaandika wewe mwenyewe, baba? Nami ndimi niliyekuchapia."

Benchi zima likamgeukia msimulizi. Akakohoa, akaagiza chai ya wote, akalipa kabla haijaletwa.