Shingo Imenyooka, Sauti Hakuna

Leo nimeaibika mchana kweupe. Mbele ya wageni wa harusi, mbele ya katekista, mbele ya ng'ombe wawili waliokuwa wamefungwa uani. Nawaambia mimi mwenyewe, tena mapema, kwa sababu ninyi mlikuwa Kihanga na magunia yenu ya kahawa, na najua mtakutana na watu wa Igurwa wakirudi kwao. Hao watatia chumvi. Mimi nawapa bila chumvi. Inatosha ilivyo.

Mnanijua. Mimi ni fundi baiskeli hapa Nyaishozi, basi. Lakini tangu nilipotengeneza kile kinanda cha kanisani, watu wakaanza kuniita Fundi wa Vyote. (Kinanda chenyewe kilikuwa na kiota cha panya ndani. Nilitoa panya, kikalia. Habari za panya sikumwambia mtu.) Toka hapo naletewa taa, kufuli, cherehani, hata miwani. Sijawahi kusema siwezi. Huo ndio ugonjwa wangu, na sidhani kama una dawa.

Jumatatu asubuhi nikamwona Ta Felisiani, yule Mhaya wa Muleba mwenye duka, anakuja bandani amebeba kitu ndani ya blanketi kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali. Nyuma yake Mwalimu Petro, ambaye hupiga gitaa kwenye sherehe za shule. Nikamwamkia mzee shikamoo, akaitikia huku anafungua blanketi. Ndani mna gitaa. Lakini gitaa gani lile, ndugu zangu. Tumbo halina tundu. Ni ubao mtupu, mzito kama meza. Nyuzi ni nne tu, nene kama waya wa breki. Na shingo ndefu kiasi kwamba ukilishika upande mmoja, upande wa pili unamgusa jirani.

Ta Felisiani alinieleza kwamba alilinunua Kampala, kwa mpiga muziki mmoja aliyekuwa anahama kwa haraka. Likaja juu ya lori, likapigwa jua, likanyeshewa, likafika. Na binti yake Yustina anaolewa Jumamosi. Watu wa bwana arusi, wa Igurwa, walikuwa wameshajisifu kwamba watakuja na ngoma zao, na kwamba huku kwetu harusi zinakuwa kimya kama matanga. Mzee akawajibu kwamba yeye ana gitaa la Kampala litakalotikisa migomba. Alishasema. Mbele ya wazee. Neno haliwezi kurudi mdomoni.

Sasa Mwalimu Petro alikuwa na malalamiko mawili. La kwanza, nyuzi ziko mbali na shingo, kuzikandamiza ni kama kukamua ng'ombe asiye na maziwa, vidole vinauma bure. La pili, sauti haitoki. Akanipigia nisikie. Kweli, ilikuwa kama kuku anayetembea juu ya majani makavu ya mgomba.

Nikalishika gitaa, nikaliinua usawa wa jicho, nikatazama kwa urefu wa shingo jinsi ninavyotazama rimu ya baiskeli. Imepinda kama upinde. Na hilo nililiona kweli, hata leo sitaki mtu aninyang'anye. Nikawaambia, "Shingo ikipinda, sauti inakwama. Hata wewe Mwalimu, nikikupinda shingo hivi, utaimba?"

(Hii hoja niliitunga palepale. Lakini ilitoka vizuri mno, nikaiamini mwenyewe.)

Ta Felisiani akatazamana na Mwalimu, wakakubali kwa vichwa. Mzee akaniuliza kitu kimoja tu: kama Jumamosi litalia. Nikamwambia litalia mpaka Igurwa wenyewe wasikie wakiwa kwao. Akasema watakuwa hapa. Nikasema basi watasikia zaidi.

Kazi nikaianza siku ileile. Nikalegeza nyuzi, nikageuza gitaa kifudifudi, nikaona skrubu nne zinazoshika shingo kwenye ubao. Nikazifungua. Shingo ikatoka mkononi mwangu nzima. Ta Felisiani akapita kuangalia maendeleo wakati huohuo, akakuta shingo iko juu ya benchi na kiwiliwili kimelala chini. Akashika mwimo wa mlango. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Umelichinja?" Nilipata kazi kubwa ya kumrudisha dukani kwake.

Lakini kwenye kitako cha shingo, mahali palipojificha, nikakuta kitu kilichonifurahisha moyo. Kichwa cha chuma chenye alama ya msalaba. Kumbe ndani ya ule mti wamepitisha chuma chembamba, kuanzia kitakoni mpaka karibu na masikio ya gitaa, na mwisho wake kuna nati. Ukikaza, chuma kinaivuta shingo inyooke kushindana na nyuzi. Ukilegeza, nyuzi zinashinda, inapinda. Ni akili ileile ya spoki. Nikacheka peke yangu. Mzungu aliyeunda kitu kile lazima alianza na baiskeli.

Nikakaza robo mzunguko. Nikarudisha shingo, nikakaza nyuzi, nikaliacha lilale. Jumanne nikatazama, limenyooka kidogo. Nikafungua tena, robo nyingine. Jumatano vilevile. Mti hautaki haraka, unataka kubembelezwa, na mimi nikaubembeleza. Mpaka Alhamisi shingo ilikuwa imenyooka kama mstari wa daftari. Mwalimu Petro akaja, akaweka vidole, nyuzi zikakubali. Akatabasamu. Kisha akapiga.

"Bado linanong'ona," akasema.

Hapa ndipo mtu mwenye akili angesema: shingo imenyooka, sauti haipo, basi sauti haikuwa kwenye shingo. Mimi nilisema linahitaji kukazwa zaidi.

Nikaongeza nusu mzunguko mzima. Nilivyorudisha nyuzi, shingo ilikuwa imepindia upande wa pili, nyuzi zimelala juu ya vile vyuma vya shingoni, na ule mnong'ono ukageuka mkwaruzo. Ndani ya mti pakasikika kitu, ta. Jasho likanitoka mpaka miguuni. Nikairudisha nati taratibu, huku namtaja kila mtakatifu ninayemjua, na mimi ni Mlutheri. Mungu saidia, haukuwa ufa. Shingo ikarudi kwenye mstari wake. Nati haina hasira. Mwenye hasira ni fundi.

Ijumaa nikakaa nikalitazama lile gitaa kama daktari. Na kweli nikagundua jambo. Ubavuni kuna tundu dogo la mviringo, limezungushiwa chuma kinachong'aa. Haliendi popote, halina skrubu, halina mlango. Sasa fikirini wenyewe. Cherehani ina tundu la namna hiyo. Ekseli ya baiskeli inalo. Mashine yoyote yenye heshima ina mahali pa kutilia mafuta.

(Nilisema msicheke. Au sijasema? Basi nasema sasa.)

Nikatia matone mawili ya mafuta ya cherehani. Nikapiga uzi, nikaona kama sauti imeongezeka. Nikatia tena. Mwisho wake nikamaliza kichupa.

Leo ndiyo Jumamosi yenyewe. Tumetoka kanisani kwao Wakatoliki, tumefika kwa Ta Felisiani, uwanja umefagiwa chini ya migomba, majani yametandikwa, rubisi ya ndizi imejaa kwenye vibuyu. Wageni wa Igurwa wamekaa upande wao na ngoma zao tatu miguuni, wamezifunika nguo kwa adabu, lakini nyuso zao hazikuwa na adabu. Mimi nilikuwa nimevaa koti la kaka yangu. Mwalimu Petro alikuwa na suruali nyeupe. Akalalamika kwamba gitaa ni zito, hawezi kusimama nalo, ndipo mimi nikakumbuka kwamba ndani ya lile blanketi kulikuwa na kamba ndefu nyeusi, imara, yenye vichwa vya chuma huku na huku. Nikamfungia gitaa begani kwa kamba hiyo. Mafundo mawili mazuri. Alipendeza sana.

Ta Felisiani akasimama, akawaambia wageni kwamba gitaa hili lilifika kwake likiwa mfu, na kwamba kijana wetu huyu amelifufua. Akanionyesha. Watu wakapiga makofi. Ningekaa hapo, leo ningekuwa mtu. Lakini nikaombwa niseme neno, nikasema maneno mengi. Nikaeleza habari za chuma kilicho ndani ya shingo. Nikaeleza habari za spoki. Kisha, kwa uungwana tu, nikawaomba kina mama wawashike vyema watoto wachanga wasishtuke, na wazee wenye moyo mdogo wasogee nyuma kidogo. Wazee wawili wakasogea kweli. Mtu mmoja akaenda kukaza kamba za wale ng'ombe.

Nikampa Mwalimu ishara. Akainua mkono juu kabisa, akaushusha kwenye nyuzi.

Nimewahi kusikia ukimya, lakini si ule. Nyuma ya nyumba palikuwa na kuku anadonoa kwenye sahani ya bati. Tukamsikia vizuri sana. Mwalimu akapiga tena, anachezesha kichwa, anagonga mguu, vidole vinakimbia juu na chini ya shingo yangu iliyonyooka. Tulisikia mguu wake. Watoto wachanga hata mmoja hakugeuka. Babu yake bwana arusi, mzee sana, akamwinamia jirani yake akauliza kwa ile sauti ya watu wasiosikia vizuri, "Ameshaanza?"

Nikasimama. Nikawaambia halijapata moto, wasubiri. Nikalipiga ubavuni kidogo kwa kiganja, kama ninavyopiga taa. Yale mafuta yote niliyotia jana yakachagua wakati huo kutoka. Yakatiririka polepole kwenye suruali nyeupe ya Mwalimu, tangu kiunoni mpaka gotini, na yeye bado anapiga, maskini, kwa moyo wote.

Ndipo akatokea Ma Paskazia. Huyu ni shangazi yake Yustina, anaishi Kampala, alifika jana jioni na tangu alfajiri alikuwa jikoni nyuma na ndizi, hakuwa amemwona mpiga gitaa. Akaja anafuta mikono kwenye khanga, akamtazama Mwalimu toka juu mpaka chini, akaanza kucheka kabla hajasema neno.

"Nani amemvisha mwenzenu waya?" akauliza.

Nikamwambia ni kamba ya begani, ilikuja nalo.

"Mwanangu, hili ni gitaa la umeme," akasema. "Huo waya unachomekwa kwenye hilo tundu linalovuja mafuta. Upande wa pili unaingia kwenye sanduku la sauti, na sanduku linaingia kwenye umeme. Bila hivyo hata malaika akilipiga halisikiki. Sanduku liko wapi?"

Ta Felisiani akasema yule mtu wa Kampala alitaka kumuuzia na sanduku pia, akakataa, kwa sababu masanduku anayo dukani.

"Na umeme?"

Hapo watu wote wakageuka wakanitazama mimi. Wote. Kama vile nimeuficha kwenye mfuko wa koti. Umeme wenyewe mimi nimeuona mara moja tu, Bukoba mjini, tena kwa mbali.

Aliyeanza kucheka ni Yustina. Mnajua bibi arusi huku kwetu anatakiwa kuinamisha kichwa na kuwa na huzuni ya kuacha kwao, na kweli toka asubuhi alikuwa analia machozi ya haki. Alicheka mpaka shela ikaanguka. Mama yake akamfinya, akazidi. Bwana arusi naye akashindwa. Kisha Igurwa nzima. Yule babu aliendelea kuuliza kuna nini, ikabidi aelezwe mara tatu, kwa sauti ya juu, na kila mara jina langu lilitajwa kamili.

Nilimtazama Ta Felisiani. Nilijua nimemvunjia heshima mbele ya wakwe wa binti yake, na hilo liliniuma kuliko kicheko. Nikamsogelea kumwomba radhi. Alikuwa anamtazama binti yake anavyojipangusa macho, na mdomo wake ulikuwa unatetemeka, nikadhani ni hasira. Haikuwa hasira. Aliachia kicheko kimoja kikubwa, cha tumboni, akawaambia Igurwa wafunue ngoma zao kabla fundi hajazitia mafuta.

Wakafunua. Wamepiga, watu wamecheza, vumbi limepanda mpaka kwenye mikungu. Mwalimu Petro alikopeshwa shuka akacheza nayo. Katikati ya kelele zile Ma Paskazia akaliokota gitaa, akaliinua usawa wa jicho, akatazama kwa urefu wa shingo, akaniita. Akasema Kampala wapo mafundi wenye vyeti ambao hawawezi kunyoosha shingo namna ile. Ndugu zangu, hilo ndilo neno zuri pekee nililoambiwa leo, na kwa sababu ya ngoma hakuna aliyelisikia isipokuwa mimi. Nikamwomba alirudie kwa sauti. Akasema hapana.

Nikafunga vifungo vya koti la kaka yangu, nikarudi hapa bandani.

Fundisho nimelipata: kabla hujamtibu mgonjwa, uliza anakula nini. Lile linakula umeme, mimi nimelinywesha mafuta. Sasa nyamazeni, kuna mama anakuja na cherehani kichwani, na kwa jinsi anavyotembea kawaida nadhani bado hajasikia.