Ng'ombe wa Boke na Maadili Matano ya Chuo

Jumatatu, 10 Februari 2025

Rangi imekauka. Maadili matano ya chuo chetu kipya cha sheria yako ukutani, kando ya lango, kila mpita njia wa mtaa wetu wa Bomani ayasome: Ukweli, Haki, Uadilifu, Utumishi, Unyenyekevu. Nimeyatunga mimi, Lusekelo, mhadhiri wa Maadili ya Mawakili. Chini ya Unyenyekevu fundi ameandika jina langu. Nilimwambia alikuze. Amelikuza kidogo mno!

Mkuu wa chuo, Dokta Athanas, ametangaza kwamba wakaguzi wanakuja Ijumaa. Wanataka kuona wanafunzi wakisaidia watu wenye mashauri ya kweli, siyo kukariri vifungu. Mhadhiri atakayewaonyesha hilo atapewa kuongoza kliniki ya msaada wa sheria. Kliniki ina ofisi. Ofisi ina feni. Mimi nina meza kwenye korido, jirani na choo.

Pudensiana naye anaitaka. Huyu anafundisha sheria ya ardhi, na kila mwezi anawapeleka wanafunzi Kenyamonta wakawasikilize wanakijiji. Wawasikilize tu! Wanarudi na vumbi bila hata neno moja la Kilatini. Anasema lengo la elimu ya sheria ni kumjua mtu kabla ya kifungu. Maneno ya mtu asiye na machapisho.

Jumanne, 11 Februari

Nilipopangiwa huku kwa Wakurya, ndugu zangu wa Tukuyu walinililia, wakasema naenda kwa watu wagomvi. Wagomvi wenyewe wako wapi? Nimezunguka mji mzima kutafuta shauri moja tu. Kila mtu ananisalimu na kuniuliza habari za nyumbani. Aibu tupu!

Basi nimelitengeneza mwenyewe. Boke ni mama anayeuza chai langoni kwetu, kwa maziwa ya ng'ombe wake mmoja. Rabson ni mlinzi wetu. Nimewaomba Ijumaa wajifanye wanamgombea yule ng'ombe, wanafunzi wangu wawasuluhishe, wakaguzi wafurahi. Wote wawili wamecheka, wamekubali. Boke ameniuliza mara mbili kama ukaguzi ukiisha ng'ombe atabaki wake. Nimemwambia aiamini sheria.

Rabson nilimwagiza atunge hadithi. Amesema hana haja ya kutunga, anayo. Mtu ana kipaji!

Jumatano, 12 Februari

Mazoezi. Rabson ametisha! Amesimama mbele ya darasa na kusema kwamba mama wa ng'ombe huyo, mweusi mwenye baka jeupe shingoni, alitoka kwenye boma la babu yake kule Kenyamonta mwaka wa ukame, akapelekwa kwa baba mkwe wa Boke atunzwe tu. Na ng'ombe wa kutunziwa, uzao wake ni wa aliyempeleka.

Boke aliacha kucheka. Akatua birika chini. Akasema, machozi yakimlenga, kwamba marehemu baba mkwe hakuwahi kumtajia habari za kutunza. Nikapiga makofi. Nikamwomba machozi hayo ayahifadhi hadi Ijumaa.

Baada ya kipindi akaja Robi, mwanafunzi wangu, mzaliwa wa huku huku. Akanieleza kwa adabu zote kwamba Wakurya hawadai ng'ombe mbele za watu kwa utani. Ukishatamka, umedai. Nimempunguzia alama za ushiriki. Hana ubunifu.

Alhamisi, 13 Februari

Hakuna chai langoni.

Alfajiri Rabson na kaka zake wawili walikwenda kwa Boke na kamba, wamchukue ng'ombe. Majirani wakaingilia kati, wakaamua ng'ombe akae mahali pasipo pa huyu wala yule mpaka wazee wakutane. Mahali penyewe ni chuoni! Amefungwa kwenye nguzo, chini ya neno Haki. Ameanza kulilamba.

Boke akanifuata mezani. Sijawahi kumwona amekasirika hivyo.

"Mwalimu, uliniambia ni mchezo," akasema. "Watoto wangu watakunywa mchezo?"

Nikaingia chooni nikajifungia. Niliona aibu, aibu ya kweli, kwa karibu dakika kumi.

Nilipotoka, Pudensiana alikuwa ameshaondoka kwenda Kenyamonta na Robi na Precious, binti mwenye mwandiko mzuri kuliko wote darasani. Wanafunzi wangu! Bila hata kuniaga!

Ijumaa, 14 Februari

Wakaguzi saa tatu. Saa nne akafika Pudensiana na wazee watano, na Bibi Agustina, dada wa babu yake Rabson. Wakaketi langoni, mkabala na ukuta wa maadili. Niliwaamkia shikamoo, nikaanza utangulizi kwa Kilatini. Mzee mmoja akaniomba nikae, kwa kuwa sijaulizwa.

Robi akauliza maswali kwa Kikurya, taratibu, Precious akiandika kwa Kiswahili. Bibi akasema ni kweli, mama wa ng'ombe alipelekwa kutunzwa. Ila mwaka uliofuata baba yake Rabson aliugua sana. Baba mkwe wa Boke akampakia kwenye baiskeli hadi hospitali, akakaa naye huko mwezi mzima. Alipopona, babu akamwachia rafiki yake huyo ng'ombe yule moja kwa moja, mbele za watu. Bibi alikuwepo. Ndiye aliyesonga ugali siku hiyo.

Rabson alikuwa mtoto. Alichokumbuka ni ng'ombe kuondoka tu. Akainuka, akafungua kamba mwenyewe, akamkabidhi Boke kwa mikono miwili. Boke akalia. Hata mimi kuna kitu kiliniingia jichoni.

Ndipo mkaguzi akauliza ugomvi huu ulianzaje. Precious, binti asiye na huruma, akasoma alichoandika: umeanzishwa na mhadhiri wa Maadili. Mkaguzi akageukia ukutani, akasoma jina langu bila kuinuka kitini. Kumbe si dogo kiasi hicho.

Wazee wamenihukumu kumkatia ng'ombe majani mwezi mzima. Pudensiana amepewa ofisi. Feni inasikika hadi koridoni.

Jumapili, 16 Februari

Nimekata majani tangu nitoke kanisani. Viganja vimechubuka. Boke alinitazama, akaniletea chai ya maziwa bila kusema neno. Afadhali angenitukana.

Nimetafakari sana na nimeliona kosa langu. Kosa ni ng'ombe. Ng'ombe ana ukoo, na ukoo una bibi anayekumbuka. Mpango wenyewe haukuwa na dosari. Wakaguzi watarudi Juni, na safari hii nitatumia mpaka wa kiwanja. Mpaka hauna mama wala shangazi. Fundi nimemwagiza aongeze adili la sita, Ubunifu, na jina langu chini yake.

Ezra, mtunza bustani wetu, amekubali kujifanya anadai kipande cha kiwanja cha jirani yake Joram. Nilimwambia atunge hadithi nzuri. Amesema hana haja ya kutunga, anayo.

Kipaji kingine!