Madirisha ya Kimwani na Madumu ya Rubisi

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Siku kubwa! Nimemshinda Gozbert. Huyu ni mchoraji mwenzangu wa ramani za majengo hapa ofisini Bakoba. Jedwali la milango na madirisha huliandika kwa mkono, kisanduku kwa kisanduku, ulimi nje. Mimi leo nimeliunganisha jedwali la Excel moja kwa moja na mchoro wa bweni la shule ya Kimwani. Nikibadilisha namba kule, inabadilika huku. Yenyewe! Nilipiga kelele hadi Ma Agnetha wa mapokezi akaja kuuliza nani amefariki.

Bahati juu ya bahati: mwenyekiti wa kamati ya bweni ni Ta Ndyamukama, baba yake Lilian. Lilian nampenda hadi nasahau kula. Tatizo ni mzee, ananiona mtu wa njia za mkato. Jumamosi napeleka michoro Kimwani. Ataniona upya!

Jumanne, 4 Novemba
Gozbert kanishauri niunganishe sehemu ya madirisha na milango tu, nisichukue ukurasa mzima wa Excel. Wivu. Nimechukua ukurasa mzima, ili nikiongeza mstari chini uingie wenyewe kwenye mchoro. Akili!

Alhamisi, 6 Novemba
Baba mdogo Kahangwa kapiga simu. Ta Ndyamukama amekubali tupeleke posa mwisho wa mwezi! Niandae orodha ya vitu, pamoja na rubisi, pombe yetu ya ndizi. Niliruka, nikamwaga chai. Excel ilikuwa wazi, nikaandika hapohapo chini ya madirisha na milango: kitu, idadi, maelezo. Faili jingine la nini?

Ijumaa, 7 Novemba
Kuchapa. Programu iliniuliza kama nataka jedwali lichukue mabadiliko mapya. Nikakubali. Programu yenye adabu kweli. Sikukagua, kukagua ni kazi za akina Gozbert. Nikaviringisha karatasi, nikaenda kunyoa.

Jumamosi, 8 Novemba
Kimwani. Kamati nzima darasani. Ta Ndyamukama akavaa miwani, akasoma jedwali kwa sauti. Madirisha kumi na manane. Wakaitikia. Milango sita. Wakaitikia. Kisha akasoma: madumu ya rubisi, manne, mawili yaongezwe maji.

Mungu wangu!

Mikungu ya ndizi, kumi, ya chini iwe midogo. Mbuzi, mmoja, yule mwenye kikohozi. Mwalimu Consolata akauliza huyo mbuzi atalala chumba namba ngapi. Mzee hakucheka. Akataka kujua posa ni ya nani. Nikasema waitu, mzee wangu, ni ya Gozbert. Akarudi kwenye karatasi, akasoma mstari wa mwisho: kanzu ya baba yake Lilian, moja, ya mtumba, hatajua.

Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi. Nikajua Lilian nimempoteza.

Mzee akaomba kalamu nyekundu. Akakata, akaandika: madumu kumi, bila maji. Mbuzi wawili, wazima. Kanzu mpya. Akagonga muhuri wa kamati juu ya yote, bweni na posa. Akasema michoro imepita, ila niilete tena ikiwa safi, na binti atatoka siku vitu vitakapolingana na mchoro. Nililia mbele za watu. Furaha tupu!

Jumatatu, 10 Novemba
Ushindi! Ofisi nzima inanipongeza, isipokuwa Gozbert, anayeuliza kwa nini watu wa Kimwani wanampa pole ya mbuzi. Anasema pia niihamishie orodha ya posa kwenye faili la peke yake. Bado wivu.

Kosa lilikuwa dogo sana: maelezo yalionekana. Basi. Nimeweka idadi kama mzee alivyotaka, madumu kumi. Kwenye maelezo nimeandika: matatu yaongezwe maji. Halafu safu hiyo nimeificha. Kilichofichwa kwenye Excel hakiwezi kutokea kwenye mchoro. Sijajaribu, lakini programu yangu naijua.

Nakala safi inachapwa sasa hivi. Ta Ndyamukama yuko mapokezi na miwani yake, ameifuata mwenyewe. Nimemwambia Ma Agnetha ampe moja kwa moja kutoka kwenye mashine, ikiwa bado ya moto.