Matofali Yaliyomtii Dokta Sumari

Jumatatu, 14 Julai. Manyunyu na baridi. Mlima Meru umejifunika wote.

Leo tumeanza kuvunja matofali. Yapo arobaini, ya udongo wa kijiji cha Maji ya Chai uliochanganywa na nyuzi za mgomba. Kazi yangu: kuweka tofali kwenye mashine, kukaza hadi lipasuke, kusoma mshale wa kipimo, kuandika namba. Miaka tisa nipo maabara hii ya chuo. Sijachelewa hata siku moja. Jina langu halijachapwa popote.

Dokta Sumari ni mtu wa hesabu. Anapiga hesabu tofali litapasuka kwa mzigo gani, kabla halijapasuka. Makala yake lazima iende Ijumaa, la sivyo kamati haitampa uprofesa mshiriki. Amesubiri miaka kumi na minne. Na mwisho wa makala huwa kuna shukrani! Iliyopita alimshukuru Dismasi wa stoo, eti kwa kubeba mifuko. Dismasi akaupeleka ukurasa mjini ukawekwe plastiki, akautundika juu ya meza yake. Leo nimemwambia safari hii ni zamu yangu. Akacheka. Akasema, Mama Brenda, wanashukuriwa wenye mchango, wewe endelea kupangusa vumbi.

Tutaona.

Namba za matofali kumi ya leo ni aibu. Dokta amechora mstari wake, halafu vitone vyangu huku na huko kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Nimemwonea huruma. Nimelala saa tatu na nusu.

Jumanne, 15 Julai. Manyunyu yaleyale.

Nimegundua kitu. Mshale unatetemeka. Ukitetemeka kati ya 31 na 34, nani atabisha nikisema 33? Hesabu ya Dokta inataka 33. Nimempa 33. Vitone vyote kumi vimekaa kwenye mstari kama wanakwaya! Dokta amelitazama daftari, akaligeuza, akalitazama tena. Furaha hiyo. Nimemwachia jina langu mezani, PENINA, kwa herufi kubwa, asije akakosea. Saa tatu kamili.

Jumatano, 16 Julai. Ukungu, jua saa tano.

Nimeboresha utaratibu. Namba za leo nimeziandika wakati wa chai, kabla ya kuvunja. Nimeokoa saa mbili. Kisha nikajiuliza: kama namba ipo tayari, kwa nini niharibu tofali zima? Nikavunja manne, kwa ajili ya kelele. Sita nimeyapeleka nyumbani, yamezuia mlango wa banda la kuku vizuri sana. Jioni nimewatangazia wanakwaya wenzangu kwamba jina langu linachapwa. Mmoja wa sauti ya pili akauliza kama ni tangazo la msiba. Wivu. Saa tatu na robo.

Alhamisi, 17 Julai. Jua tangu alfajiri. Halikunisaidia.

Dokta alikuwa na kipindi cha mwaka wa pili. Akaniita na daftari. Akaandika namba zangu ubaoni, akawauliza wanafunzi wanaona nini. Nikaweka sawa kitenge pale mlangoni. Binti mmoja wa nyuma, Simaloi, akanyoosha mkono akasema, zimepikwa hizo, Dokta. Darasa likaangua kicheko! Na Dismasi naye akatokea saa hiyohiyo. Akasema, samahani Dokta, vipande vya jana havitimizi hata matofali matano, nimevipanga sakafuni mwenyewe.

Dokta akanitoa nje. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Akasema, Mama Brenda, miaka kumi na minne nafundisha vitu vinavyovunjika, hakuna tofali lililowahi kunitii hivi. Kumbe mstari anao tangu mwaka juzi! Anachotafuta ni matofali yanaukwepa kwa umbali gani, maana anayejenga nyumba mtaa wa Sakina hajengi kwa tofali la wastani, anajenga kwa lile aliloletewa. Huko kutawanyika ndiko makala yenyewe. Mimi nimeufuta mtawanyiko huo kwa siku mbili.

Namba za kweli zinazohitajika: ishirini na tano. Tulikuwa na kumi za Jumatatu na matofali kumi ya leo. Nikapanda bodaboda hadi nyumbani. Tetea alikuwa amelala juu ya tofali la tatu, kanidonoa kidole. Nimerudi na yote sita. Tumeyapangusa kinyesi. Dismasi kasoma mshale, mimi nimekaza tu. Namba zimekwenda ovyo kabisa, na Dokta akawa anatabasamu kama bwana harusi. Ishirini na sita! Saa tatu kasoro dakika tano.

Ijumaa, 18 Julai. Mawingu, mlima umeonekana nusu.

Makala imekwenda saa nane mchana. Dokta kanionyesha shukrani. Kwa Bwana Dismasi, kwa usomaji makini wa mshale. Chini yake: na kwa Bi Penina, kwa kuhifadhi matofali sita. Chini yake! Dismasi kasema atanielekeza kwa fundi wa plastiki.

Agosti yanaletwa matofali mengine arobaini. Dokta kasema nitakaa tena kwenye mshale, ila niandike ninachokiona. Nimemwelewa sana. Anapenda namba zilizotawanyika. Baada ya chakula nimeziandaa zote arobaini, nimpunguzie kazi: 19, 51, 23, 48. Nimezipitia mara mbili kuhakikisha hakuna mbili zinazofuatana zilizokaribiana. Safari hii jina langu litakuwa juu.

Nimelala saa tatu na dakika kumi.